Faundesheni Isiyohama

Jumatatu, 3 Machi

Nimechaguliwa! Miaka kumi na moja nimeimba mstari wa tatu, nyuma ya mgongo wa dereva wa gari la wagonjwa, mgongo mpana kama kabati. Leo Mwalimu wa kwaya ametangaza mbele ya wote kwamba ubeti wa peke yake ni wangu, na nitauimba nikiwa mbele kabisa. Kwaya ya wafanyakazi wa hospitali yetu inarekodi video! Wimbo ni wa kunawa mikono. Utaonyeshwa kwenye televisheni za kumbi za kusubiria, hospitali zote. Mama yangu, huko mji mwingine, huenda kliniki ya presha kila mwezi na hukaa kwenye benchi nusu siku. Hajaniona nikiimba tangu nikiwa shule ya msingi. Ataniona.

Kurekodi ni Jumamosi ya wiki ijayo.

Furaha ilidumu dakika nne. Mpiga video alikuja kututazama. Akanielekezea kamera, akafinya macho kama mtu aliyemulikwa na lori. Akamwuliza Mwalimu kama dada huyu hana namna ya kupunguza mwanga. Watu wakacheka. Sikushangaa. Hapa kazini naitwa Taa, wala si kwa sababu ya akili. Ngozi yangu inatoa mafuta tangu nina miaka kumi na mitatu. Sasa nina arobaini na mbili na kisima hakijakauka. Juu yake kuna madoa ya chunusi, mashavu yote mawili, kama mtu aliyenyunyiziwa chai.

Mwalimu, ambaye siku za kazi hupiga picha za eksirei na hana mzaha na mambo ya mwanga, akasema kama uso wangu utasumbua, ubeti atauchukua Mama Dawa.

Mama Dawa! Yule wa dirisha la dawa. Uso wake ni mkavu, laini, wa rangi moja kuanzia paji hadi kidevu, kuanzia asubuhi hadi jioni, hata siku ya jua kali. Akanitazama, akatabasamu. Nalijua tabasamu la namna ile. La fisi aliyeona mkono unaning'inia.

Azimio: nipate faundesheni. Ya kufunika kila kitu. Ya ngozi ya mafuta. Isiyohama. Siku kumi na mbili zinatosha kujenga kibanda, sembuse uso.

Jumanne, 4 Machi

Wifi yangu, dada wa mume wangu, huuza vipodozi kutoka kwenye begi. Alifika kabla sijamaliza kumweleza kwenye simu. Akaapa kwamba hii ndiyo wanayopaka maharusi wote. Nikamwuliza kama ni ya ngozi ya mafuta. Akasema ni ya ngozi yoyote yenye mtu ndani. Nikauliza rangi. Akasema rangi yangu ni Asali ya Alfajiri. Baadaye nikagundua begini ilikuwepo rangi hiyo moja tu.

Nilipaka jioni hiyo hiyo. Mume wangu ni fundi wa friji, mtu wa maneno machache. Alinitazama muda mrefu, akauliza kama nimeanguka mahali.

Jumatano, 5 Machi

Nimeivaa kazini. Saa moja asubuhi: malkia. Saa tatu: inateleza. Saa nne: imehama. Ilitoka kwenye paji ikaenda kukusanyika chini ya kidevu kama watu wanaosubiri kivuko.

Mimi ni karani wa masjala. Kazi yangu ni mafaili. Kufikia saa sita kila faili lilikuwa na kidole gumba cha Asali ya Alfajiri, na simu ya mezani ilikuwa imebeba shavu langu lote la kulia. Mzee mmoja aliyekuja kuchukua faili lake akanishika mkono. Akanisihi nisikate tamaa. Hata yeye macho na mwili viliwahi kuwa vya njano hivi hivi, akatibiwa, akapona.

Nimenawa. Mafuta yakarudi kabla sijafunga bomba.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeachana na begi la wifi. Nimekwenda duka la maana, lenye vioo na taa kila upande. Muuzaji alikuwa na kope ndefu na subira. Alinipaka kidogo kwenye kifundo cha mkono, akasema imekaa. Kweli ilikaa! Mkono wangu haujawahi kupendeza vile. Nikanunua.

Nikajipaka pale pale mbele ya kioo, nikatoka kichwa juu. Niliondoka dukani nikiwa mimi. Nilifika nyumbani nikiwa tofali. Rangi ilikuwa imegeuka njiani, kidogo kidogo, kama embe.

Binti yangu ana miaka kumi na sita na simu. Akanieleza kwamba kwenye ngozi ya mafuta rangi hugeuka. Kwamba haijaribiwi mkononi, inajaribiwa tayani, kisha unatoka nje kwenye mwanga wa jua, unasubiri saa nzima ndipo ununue. Tena unapaka kidogo tu. Nikamwambia nilianza kupaka poda yeye akiwa bado hajazaliwa. Akasema ndiyo maana.

Watoto wa siku hizi!

Ijumaa, 7 Machi

Mpango mpya. Kwa nini nihangaike na maduka wakati jibu linakaa dirisha la dawa? Usione vyaelea, vimeundwa. Mama Dawa anapaka kitu. Nikijua ni nini, shughuli imekwisha.

Saa saba, wakati wa chakula, nikaingia chumba cha kubadilishia nguo. Begi lake lilikuwa limetundikwa kwenye msumari wa tatu. Nikafungua. Leso. Kitana. Kopo dogo bapa, zito, maandishi yote yamefutika kwa kushikwashikwa. Nikalinusa. Halina harufu. Ndipo nikasikia mtu nyuma yangu anauliza kama nimepotelewa na kitu.

Mama Dawa mwenyewe!

Akili yangu hunikimbia siku ninazoihitaji. Nikasema natafuta dawa. Dawa ya nini? Kiungulia, nikasema, nikajishika tumbo. Badala ya kufoka, akanihurumia. Hilo ndilo baya. Akanishika bega hadi dirishani kwake, akatoa chupa ya dawa nyeupe nzito kama uji, akamimina vijiko viwili, akasimama kunitazama mpaka nimemeza. Ladha ya chokaa. Akanipa na chupa niende nayo.

Nimerudi nyumbani bila siri ya kopo na nikiwa na tumbo tulivu mno.

Lakini! Binti alipoiona chupa akacheka. Akasema amesoma mahali kwamba kuna watu hujipaka hiyo dawa usoni kabla ya faundesheni, inanyonya mafuta. Akaendelea kusema jambo jingine kuhusu madaktari. Sikulisikia, nilikuwa nimeshaingia bafuni.

Jumamosi, 8 Machi

Inafanya kazi!!! Muda wa saa mbili na nusu bila tone! Nimejigusa paji kwa karatasi, karatasi imetoka kavu kama barua ya serikali. Kweli pembeni ya nywele kuna weupeweupe, na nikicheka ngozi inavuta. Nitaacha kucheka.

Tatizo moja. Chupa imeisha. Binti anasema ilitakiwa matone. Nani aliyepata heshima kwa matone?

Jumatatu, 10 Machi

Siku mbaya. Niandike kwa utaratibu.

Asubuhi nilikwenda dirishani kuomba chupa nyingine. Mama Dawa akauliza hali. Ningesema nimepona, ningetoka mikono mitupu. Nikasema imezidi. Akauliza kama inachoma usiku. Nikasema inachoma. Hata nikinywa maji? Hasa nikinywa maji. Akanipa chupa mbili, akanitazama kwa macho ya huzuni, akaniambia niende kumwona daktari.

Saa sita, kwa mujibu wa uvumi wa hospitali, nina kiungulia. Saa saba nina vidonda vya tumbo. Saa nane dereva wa gari la wagonjwa amenipisha kiti na kuniambia shangazi yake alianza hivi hivi. Sikuuliza shangazi aliishia wapi. Dada wa usafi akaniletea maziwa.

Saa kumi, mazoezini, Mwalimu akasema maneno mazuri sana juu yangu. Nilikuwa nikiyafurahia mpaka nikaona yamekaa kimsiba. Akasema afya kwanza. Akasema kuimba kwa tumbo bovu ni hatari. Ubeti wa peke yake utaimbwa na Mama Dawa, nami nipumzike. Wote wakapiga makofi.

Mdomo huponza kichwa. Wangu umeponza uso.

Mama amepiga simu kuuliza ile video inaanza kuonyeshwa lini. Amewaambia wenzake wote wa kliniki. Nikamjibu karibuni.

Jumanne, 11 Machi

Nimelala na wazo, nimeamka nalo, nimelitekeleza. Mwenye vidonda vya tumbo hawezi kula pilipili. Basi nitakula pilipili, mbele ya kadamnasi, na mjadala ufungwe.

Nikajipaka kwanza, maana Mwalimu angekuwepo na nilitaka aone na uso. Tabaka la dawa. Tabaka la faundesheni ya tofali, nimeichanganya na Asali ya Alfajiri ili zikutane katikati. Poda. Nikaingia kantini saa saba kamili, nikaketi meza ya katikati. Nikaomba sahani ya chakula na pilipili sita, mbichi, zile ndogo. Nikaziweka mstari. Nikatafuna ya kwanza nikimtazama Mwalimu machoni.

Ya kwanza si mbaya. Ya pili masikio yaliziba. Ya tatu nilimwona marehemu babu. Ya nne ndipo jasho lilipofumuka, si jasho la kawaida, bali mafuriko, na nikahisi uso wangu unaanza safari. Ulishuka wote kwa pamoja, taratibu, kama bango lililobandikwa kwa uji. Tone la kwanza lilianguka kwenye sahani. Likawa jeupe. La pili likawa la machungwa. Mtoto wa mgonjwa mmoja akaanza kulia. Dereva akapiga kelele iletwe machela.

Nikala ya tano na ya sita. Niandikiwe hilo.

Mwalimu akaja akiwa amekunja mikono. Akasema anayeweza kula vile hana vidonda, ana jambo lingine. Kisha Mama Dawa akasimama. Akasema mbele ya watu wote kwamba ubeti ni wangu, yeye hakuuomba na hautaki, na kama nimepona basi nirudishiwe. Mwalimu akanirudishia. Nadhani pia alitaka niondoke pale.

Yaani ananiachia? Hivi hivi? Ujanja wa hali ya juu huu. Anataka nipande juu ili nianguke kwa kishindo. Nimemsoma.

Jumatano, 12 Machi

Ngozi inabanduka. Pua yote na pembe za mdomo. Sasa nina mafuta na magamba kwa pamoja, kama samaki wa kukaanga.

Muuguzi wa kliniki ya ngozi alinichungulia akaguna. Akasema dawa ya tumbo ni ya tumbo. Nioshe kwa sabuni laini, nisipake kitu wiki nzima. Wiki nzima! Nikamshukuru, nikampa faili alilofuata masjala.

Ijumaa, 14 Machi

Wifi amekuja mwenyewe, bila kuitwa. Safari hii ameleta kitu cha kweli. Faundesheni ya jukwaani! Hutumiwa na waigizaji, anasema. Inafunika alama za kuzaliwa, michoro ya mwilini, kila kitu. Haihami hata ukizamishwa mtoni. Nimeipaka mkononi nikasugua kwa maji ya moto. Haijatikisika! Nimetokwa na machozi kidogo.

Kwenye kopo imeandikwa kiasi cha punje ya dengu kinatosha uso mzima. Binti akasema, Mama, punje moja. Akainua kidole. Moja.

Yeye hana madoa. Yeye hatasimama mbele ya hospitali zote za nchi.

Jumamosi, 15 Machi

Nimerudi, nimeoga, nimeketi. Niandike yote.

Nilijipaka saa kumi na mbili asubuhi. Punje ya kwanza ilifunika madoa. Ningeweza kuishia hapo. Lakini ya pili ilifunika hata kumbukumbu ya madoa, na ya tatu ni ya akiba. Juu yake nikamwaga poda nyeupe aliyoniuzia wifi, ile anayosema ikishapakwa haionekani. Mume wangu akanitazama, akanipeleka hadi ukumbi wa kurekodia. Njiani alinishika mkono. Huwa hafanyi hivyo.

Taa zikawashwa. Joto kama tanuri. Wenzangu wote wakaanza kulowa. Mimi? Kavu! Mpiga video akaangalia, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Saa ya ushindi wangu. Nikamtupia Mama Dawa jicho. Alikuwa amesimama kulia kwangu, hatua moja nyuma, mkavu kama kawaida. Sare.

Mwalimu akainua mikono. Ubeti wangu unaanza na neno moja refu, “Naaawa!”, na mdomo lazima ufunguke wote. Nikaufungua. Nikasikia sauti ndogo, kama ganda la yai. Uso ulikuwa umepasuka. Ufa mmoja kila upande, kutoka puani hadi kidevuni.

Nikaendelea. Mpiga video akasimamisha. Akawaita Mwalimu na msaidizi wake kwenye kiskrini chake kidogo. Nikaenda nami. Ile poda isiyoonekana, mbele ya taa za kamera inaonekana. Shingo yangu ilikuwa ya mtu. Juu yake palikuwa na sinia jeupe lenye nyufa na macho mawili. Mpiga video akauliza, kwa adabu, kama wimbo ni wa kunawa mikono au wa mizimu.

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Nikakimbilia msalani, nikajifungia. Nikasugua kwa maji, kwa sabuni, kwa karatasi. Haikuhama! Kitu pekee maishani mwangu kisichohama, na kimekuja kunihukumu. Nikamfikiria mama kwenye benchi lake. Nikaketi juu ya ndoo nikalia, na hata machozi yalipita juu yake kama mvua juu ya bati.

Mlango ukagongwa. Mama Dawa.

“Fungua, dada.”

“Nina haja.”

“Haja gani unalia nayo?”

Nikafungua. Nilitegemea lile tabasamu lake. Alikuwa ameshika kichupa cha mafuta ya watoto na pamba. Akanikalisha tena kwenye ndoo, akaanza kunifuta. Mafuta! Nilishtuka nikamwambia miaka ishirini na tisa nayakimbia mafuta. Akasema rangi ya namna ile haiondoki kwa maji, inaondoka kwa mafuta, baadaye ndiyo sabuni. Akafuta polepole, kama mtu anayeosha mtoto. Nikamwuliza amejuaje.

Alichukua pamba nyingine, akajifuta mwenyewe, kutoka chini ya sikio hadi kidevuni. Pamba ikatoka na rangi. Chini yake ngozi yake ilikuwa nyeupe. Mabaka meupe, makubwa, kama ramani.

“Miaka tisa sasa,” akasema. “Yalianza kidevuni. Hayaumi. Macho ya watu ndiyo yanayouma.”

Nikamsogezea nafasi kwenye ndoo.

“Siku ile nilikuona umeshika kopo langu,” akaendelea. “Nilidhani umeshajua, utanitangaza. Ukasema kiungulia. Nilifurahi kweli kusikia una kiungulia, Mungu anisamehe.”

“Na siku nilipochaguliwa? Ulinicheka.”

“Nilikucheka wapi? Nilifurahi! Mimi huko mbele sitaki, kuna taa. Na ile sauti ya juu sina. Nikiimba ubeti ule, mbwa wa mlinzi atanijibu.”

Nikacheka. Bila ufa.

Akatoa lile kopo bapa. Akachovya kidole, kiasi cha punje ya dengu, moja, akanipaka kwenye taya kwanza, akanisogeza dirishani kwenye mwanga wa jua, akatazama. Akasema rangi zetu zinakaribiana. Kisha akabonyeza na sponji, hakusugua. Madoa mawili akayaacha yaonekane kwa mbali, akasema uso ukikosa kila kitu hauaminiki. Poda kidogo puani. Karatasi ya kukaushia mfukoni. Basi. Dakika tano. Akajitengeneza na yeye, mkono wa haraka, wa mazoea, akawa Mama Dawa tena.

Nikaimba. “Naaawa, ndugu, naaawa!” Sauti ilitoka yote. Dereva nyuma yangu alisahau kuingia na sauti yake. Mara moja tu, mpiga video akasema inatosha.

Jumapili, 16 Machi

Wifi amepiga simu kuuliza Mama Dawa hutumia nini, maana anataka kukiuza. Nimemwambia maji na sabuni. Akasema haiwezekani. Nikamwambia wengine wamejaliwa.

Sitamwambia mtu. Hata mume wangu, ambaye kumwambia ni sawa na kuliambia friji.

Alhamisi, 27 Machi

Video imetoka! Tumeitazama ukumbini kwetu na wagonjwa, kwaya nzima tumesimama ukutani. Wimbo unaanza. Mwalimu. Dereva, meno yote. Ubeti wangu unafika, sauti yangu inatoka, tamu, imetakata, na kwenye skrini anaonekana…

Mama Dawa.

Sauti yangu. Uso wake! Mdomo wake unafuata maneno, maana alikuwa akiyatamka bila sauti pembeni yangu. Ubeti mzima! Mimi nimeonekana sekunde mbili, sikio na bega. Mama Dawa alijifunika mdomo kwa mikono yote miwili, akaniapia kwamba hakujua. Namwamini. Lakini nimeumia.

Jioni mama akapiga simu. Leo ilikuwa siku yake ya kliniki. Nikaanza kumwomba radhi, akanikatiza. Akasema alisinzia kwenye benchi, akazinduliwa na sauti yangu. Akainuka akawatangazia wote kwamba huyo ni mwanangu. Wakatazama skrini, wakamtazama yeye, wakamwambia hamfanani hata kidogo. Akawajibu sauti ni ya mwanangu, nimeijua tangu ikilia, huo uso sijui wameuokota wapi. Wakabishana mpaka muuguzi akatoka nje. Presha ilipopimwa ilikuwa juu. Wakamwambia akapumzike, akakataa kutoka mpaka wimbo urudiwe, akausikiliza mara tatu, macho amefumba.

Nimelia kidogo. Ni machozi ya kawaida tu.

Ijumaa, 28 Machi

Nimemfuata Mwalimu kwenye chumba chake cha eksirei nikamtaka aseme ukweli. Kwa nini sikuonekana? Uso ulikuwa safi! Akakubali, uso ulikuwa safi, hajawahi kuuona vizuri vile. Lakini ubeti mzima sikutazama kamera hata mara moja. Nilikuwa nikikodoa pembeni, kwenye kile kiskrini cha mpiga video, kuangalia kama nang'aa. Hakuwa na picha hata moja ya kutumia. Akasema, kwa masikitiko, kwamba kilichoniangusha ni macho.

Macho!

Siku zote hizi nahangaika na ngozi, kumbe tatizo ni macho.

Jumapili, 30 Machi

Kesho saa tatu kwaya nzima inapigwa picha ya kalenda. Picha moja, mwaka mzima ukutani.

Nimenunua kope za bandia kwa wifi. Zile ndefu, za jukwaani, na gundi yake. Binti amesoma karatasi ya maelekezo kwa sauti: jaribu gundi kwenye sehemu ndogo ya ngozi, subiri siku nzima. Siku nzima! Nikamwambia maelekezo huandikwa kwa ajili ya wasiojua.

Nilibandika saa kumi. Saa kumi na nusu jicho la kushoto likagoma kufunguka. Mume wangu amelimulika kwa tochi yake ya kazi, akasema mpira wa mlango wa friji hushika hivi hivi, akashauri twende hospitali. Hospitali? Nikakutwe na watu wa zamu? Hapana. La kulia, lazima nikiri, limependeza mno. Kesho nitasimama kiubavu. Nitasema ni mtindo.

Paketi ilikuwa na jozi mbili. Ya pili nimemwekea Mama Dawa. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, nami nitamfaa. Nitambandika mwenyewe kesho asubuhi na mapema, kabla hajasoma maelekezo.